Petroli Chini ya Kilima Chetu cha Chokaa

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Daftari jipya. Nimepewa na mwalimu wa misheni. Kurasa za mwanzo zina hesabu za watoto, nyingi zimekosewa. Nimezichana. Maisha ya mtu kama mimi lazima yaandikwe, maana wakati wowote kunaweza kutokea jambo.

Kwa atakayesoma nikishakuwa mkubwa: mimi ni Cornel, mchoma chokaa, mume wa Generosa, baba wa Scolastika. Kazi yangu ni kilima cha mawe meupe kilicho nyuma ya nyumba, safari ya asubuhi nzima kwa baiskeli kutoka Maganzo. Baba yangu alichoma chokaa hapo hapo. Wenye husuda husema nilishindwa dhahabu Geita na almasi Maganzo. Sikushindwa. Geita niliondoka wiki moja kabla wenzangu hawajaipata. Maganzo nilichimba upande wa pili wa barabara.

Leo nimeitwa na Mzee Mageni, mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji. Nimemwamkia shikamoo mara mbili. Ameitikia marahaba moja. Amesema kilima si changu, nimepewa nikitumie, na mtu aliyepewa kilima cha chokaa huchoma chokaa. Mwaka jana kanisa lilingoja chokaa yangu wakati mimi niko Geita. Safari hii Padri anataka kuta ziwe nyeupe Jumapili ya tarehe 15, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Chokaa ikifika, kilima kinabaki kwangu. Isipofika, kinakwenda kwa Athanas.

Athanas! Mchoma chokaa wa ng'ambo ya korongo, mwenye mawe ya kijivu na chokaa ya kijivu. Huimba sauti ya chini kanisani, na akifika kwenye maneno ya hukumu hunitazama mimi.

Generosa ameuliza nitaanza lini kupanga tanuri. Nimemwambia siku kumi na tatu ni nyingi mno, mtu anaweza hata kuchoka kuzingoja. Kuni ziko tayari tangu Julai. Alizikata yeye na mdogo wake Mbuke, lakini miti niliwaonyesha mimi.

Jumanne, 3 Agosti

Landrova imepanda kilima changu bila hodi. Ndani yake Mzungu mrefu, magoti mekundu, nyundo kiunoni. Jina lake Bwana Whitcombe, lakini kufikia mchana kijiji kizima kinamwita Bwana Nyundo. Amekuja na mpishi wake, Marselino, mtu wa Masasi, ambaye Kiswahili chake kimenyooka hadi sisi Wasukuma tunaona haya kufungua midomo.

Bwana Nyundo amegonga jiwe. Amelinusa. Amelilamba. Nimeona kwa macho yangu mawili. Kisha amelidondoshea dawa kutoka kwenye kichupa na jiwe likatoa povu, bila moto, likichacha lenyewe. Amefurahi sana, akaandika daftarini. Sasa hapa kijijini tuko watu wawili wa madaftari.

Nimejitambulisha kuwa ndiye mwenye kilima. Ameniajiri papo hapo nimbebee mfuko wa mawe. Cheo changu ni msaidizi. Generosa amesema cheo hicho kwa kawaida hupewa punda.

Jumatano, 4 Agosti

Siku ya elimu. Mgongo unaniuma.

Korongoni kuna ukuta wa jiwe ulio wazi, umekatwa na maji ya masika mengi. Bwana ameunyooshea kamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Anapima nyufa. Anahesabu matabaka. Anachungulia matundu kwa kioo cha kukuzia. Kila akimaliza hatua tatu, jiwe moja mfukoni. Nimemuuliza kwa adabu anatafuta nini. Kiswahili chake ni cha ofisini, lakini kinafika.

Amesema ametumwa na watu wanaotafuta petroli. Amesema petroli haikai chini kama ziwa, bali imejificha ndani ya jiwe lenyewe, kwenye matundu na nyufa, na mara nyingi jiwe hilo ni la chokaa. Huko pwani jiwe hilo limefukiwa futi maelfu. Wakitoboa wanapata kitundu chembamba kama mkono, nacho hakiwezi kukuambia nyufa zinaelekea wapi wala kama zinakutana. Kwa hiyo anazunguka kutazama mawe ya chokaa yaliyo nje, yanayoshikika, apate kulijua lile lisiloonekana. Ameongeza kwamba mawe yetu si ndugu wa yale ya pwani, na mvua imeyapanua matundu, hivyo katika hesabu zake itabidi apunguze. Lakini yanafundisha.

Nimemweleza Generosa wakati wa chakula. Amelielewa upesi, jambo ambalo sikulipenda. Amesema ni kama ukishampasua ng'ombe mmoja, unajua maini ya mwenzake yanakaa wapi bila kumchinja. Nikamwambia ndiyo, na ng'ombe huyu wetu naye ana maini yake. Akajibu kwamba huyu wetu ndiye aliyekwisha kupasuliwa, kama maini yangekuwemo tungeyaona. Mke wangu ni mtu mwema lakini hana subira na elimu.

Petroli. Nimeliandika neno hili, nikalipigia mstari.

Alhamisi, 5 Agosti

Ushahidi!

Nimefika hemani kwa Bwana mapema. Hayupo, amekwenda kuoga. Mezani kuna sahani, na katika sahani kuna mawe mawili ya kilima changu. Yanatoka jasho. Nimegusa. Nimenusa. Mafuta!

Marselino amenikuta nimeinama pua ikiwa sahanini. Hakukasirika. Amesema Bwana aliyatumbukiza mawe yale katika debe la mafuta ya taa tangu jana. Kwanza huyapima yakiwa makavu, kisha huyapima tena yakishakunywa mafuta, na tofauti ya uzito humwonyesha matundu yana nafasi kiasi gani. Akanionyesha debe. Akanionyesha mizani. Akanionyesha na karatasi yenye uzito wa kwanza na uzito wa pili.

Mtu mkweli haleti vielelezo vingi namna hiyo. Nimeitikia ndiyo ndiyo, kana kwamba nimesadiki. Jiwe moja limeingia mfukoni mwangu. Sijui limeingiaje.

Jioni Generosa ameuliza kwa nini nanuka kama kibatari. Nimesema ni kazi.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimemwita Makoye nyuma ya tanuri. Makoye ni nsumba ntale, mkuu wa kundi la vijana wanaolima mashamba ya watu kwa ngoma na nyimbo. Akisema neno, vijana ishirini wanasimama na majembe. Nimeweka jiwe chini, nikawasha kiberiti.

Limewaka. Mwali wa njano, mrefu, wenye moshi. Limewaka muda wa kutosha kuchoma hindi, na kidole changu kimoja.

Makoye amelitazama sana. Amesema babu yake alijenga zizi kwa mawe ya kilima hiki na hayakuwahi kuwaka. Nimemuuliza kama babu yake alikuwa na kiberiti. Hapo hapo nikamteua mnyapara mkuu wa petroli. Nimewateua pia wasaidizi wake wanne, ambao bado hawajajua.

Athanas amepita na punda wake. Amesimama, amevuta pua, akasema hayo ni mafuta ya taa na hata duka yalikonunuliwa analijua. Wivu mtupu. Nimemwangalia kwa huruma, nikamwandika kwenye orodha ya walinzi wa usiku wa petroli.

Nimetoa amri nyumbani: kuanzia leo hakuna jiwe la kilima hiki kuingia tanurini. Tuchome petroli ili tupake ukuta? Generosa amekunja vidole kimoja kimoja, akihesabu siku hadi tarehe 15. Vidole vya mikono miwili havikwisha.

Jumamosi, 7 Agosti

Usiku sikulala vizuri. Nimetambua hatari. Bwana Nyundo akiendelea kuupima ule ukuta wa korongoni, atajua petroli ni nyingi kiasi gani, ataandika barua, na kilima kitachukuliwa na watu wasionijua. Dawa ni moja. Asiuone ukuta.

Leo amekwenda Maganzo kuangalia barua. Nimebeba samadi mbichi na udongo, debe tisa, nikaukandika ukuta wote kuanzia chini hadi mkono ulipofika. Nimefanya kazi nzuri. Hata nyumba yangu haikukandikwa vizuri hivi. Mbuke amepita na kuni, akauliza nani anahamia. Nimemwambia aangalie njia.

Jumapili, 8 Agosti

Misa. Padri ametangaza kwamba chokaa ya sikukuu iko mikononi mwa Cornel, tumwombee. Kanisa zima limegeuka. Athanas ameinamisha kichwa akasali kwa sauti.

Baada ya Misa, korongoni. Bwana Nyundo yuko mbele ya ukuta wangu, mikono kiunoni. Amesema hajawahi kuona mwamba uliokandikwa. Ameagiza maji yake ya kuoga, yote, na Marselino akaumwagia ukuta huku akisugua kwa ufagio. Maji, Agosti hii! Wanawake wanaoamka alfajiri kuchota kwenye mchanga wa mto mkavu, mwendo wa saa nzima, walisimama wakatazama yanavyotiririka. Kisha wakanitazama mimi, maana Mbuke alikwisha kuwaambia.

Hilo si baya kuliko lote. Samadi ilitoka kwenye jiwe, lakini kwenye nyufa ikabaki. Kila ufa sasa ni mstari mweusi juu ya jiwe jeupe, hata ule mwembamba kama unywele. Bwana alipiga kofi. Amesema siku tano amekuwa akipotezwa na nyufa zile, na sasa anaziona zote, zinavyopandana, zinavyokutana, mahali ambapo kitu cha majimaji kingeweza kupita. Amezichora zote hadi jua kushuka. Kisha akanishika mkono, akashukuru kwa akili yangu.

Nimeitikia asante. Ningefanyaje?

Jumatatu, 9 Agosti

Bwana Nyundo ameondoka. Kabla hajapanda Landrova nimemsogelea, nikamuuliza mwanaume kwa mwanaume: hapa chini, petroli iko futi ngapi?

Amecheka kwa upole. Amesema hapa hakuna. Chini ya chokaa hii ni mwamba mgumu, ule ule wa majabali yaliyotapakaa Usukuma mzima, na mwamba ule hauna petroli. Mawe yetu, amesema, ni kitabu tu cha kusomea habari za mahali pengine. Nimemwambia nimeelewa. Alisema neno "hakuna" huku anatazama gurudumu.

Halafu akanipa zawadi. Sururu! Nzuri, mpini mpya. Mtu asiyejua kuna kitu chini hampi mwenzake sururu.

Generosa amesema tanuri lisipopangwa kesho na kuwashwa kesho, chokaa haitawahi. Moto siku mbili, kupoa siku moja, bado kuizima kwa maji iwe unga, na maji yenyewe ni ya kubeba kichwani. Amesema yote haya bila kupandisha sauti. Nimemwambia ndani ya wiki hii Padri hatahitaji chokaa, nitamjengea kanisa la marumaru. Ameingia jikoni. Nimesikia sufuria zikipangwa kwa nguvu kidogo.

Jumanne, 10 Agosti

Makoye ameleta vijana ishirini na ngoma mbili. Nimechora duara kwa mguu juu ya kilima, upana wa hatua nne. Nyimbo zikaanza, sururu zikaanza, mitaimbo ikaanza. Jiwe letu ni laini juu na lina matundu, linavunjika kwa mapande. Hadi mchana mtu akisimama shimoni haonekani kichwa.

Kuna desturi moja niliisahau. Ukiwaita vijana hawa unawalisha mara mbili, na usipowalisha vizuri wanakutungia wimbo, na wimbo huo utaimbwa kwenye mashamba yote hadi mavuno yajayo. Upo bado wimbo wa mtu wa Nyahanga aliyewapa mchicha, na mtu mwenyewe alikwisha kufa. Nimemkimbilia Generosa.

Amekubali kupika. Ametoa hata mbuzi wake wa kwao. Lakini amekwenda kuzungumza na Makoye yeye mwenyewe: atakayekula nyama, kila anapopanda kutoka shimoni apande na jiwe, na alitue pale atakapoonyesha yeye. Makoye amesema ni haki.

Nimempongeza mke wangu. Ukingo wa shimo ulikuwa umeanza kujaa, sasa ni safi kabisa. Hatimaye ameanza kuamini.

Jumatano, 11 Agosti

Nimeamka, nimetoka nje, nimeona moshi. Unatoka tanurini kwangu!

Mawe yote ya shimo yamepangwa ndani, tabaka la kuni, tabaka la mawe, kazi safi ya Generosa na Mbuke, na vijana wa Makoye ndio waliobeba wakiimba. Limewashwa jana jioni, wakati mimi nikiandika hapa kwamba ameanza kuamini.

Nimempigia kelele. Nimemwambia anachoma utajiri wa Scolastika. Nimemwambia pia kwamba petroli ikifumka shimoni karibu na moto ule, kijiji kitaruka hadi Kahama. Nimemwamuru azime tanuri. Akasema sawa Baba Scolastika, lete maji.

Hakuna maji. Mtungi wa nyumba nzima una vikombe vinne. Nimebaki nimesimama na kata mkononi. Mbuke alicheka hadi akakaa chini.

Nimerudi shimoni. Tumechimba kwa hasira. Leo hata mimi nimeimba.

Alhamisi, 12 Agosti

Mwanangwa Mageni amekuja kukagua, na Athanas nyuma yake, amejifunga kamba ya kupimia mabegani kama mtu anayehamia kesho. Wamechungulia shimoni. Mimi nilikuwa chini, kimo cha watu watatu. Nikaamkia kutoka huko. Marahaba ikashuka kwa kuchelewa.

Mwanangwa ameuliza chokaa inachomwa na nani. Vijana wamejibu kwa umoja, kabla sijafungua mdomo, kwamba inachomwa na Mama Scolastika. Akauliza na huyu humo ndani anafanya nini. Makoye akasema, anatoa mawe.

Athanas hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Alikwenda akapita pale baba yangu alipokuwa akikalia jiwe lake kungoja moto, akalipiga teke kidogo kuona kama limeshika. Hapo nikaingiwa na woga. Naandika kweli, kwa sababu daftari halina mdomo. Kilima hiki kikienda, sijui mimi ni nani. Geita nilikuwa mgeni, Maganzo nilikuwa mgeni. Hapa tu ndipo watu husema kwa Cornel. Nilikaa shimoni peke yangu wakati vijana wanakula, nikashika ukuta wa jiwe kwa viganja vyote viwili.

Ukuta ulikuwa umelowa.

Nimelamba kama Bwana alivyolamba. Hakuna ladha. Labda ikiwa changa haina ladha.

Ijumaa, 13 Agosti

Saa nne asubuhi Makoye amepiga mtaimbo kwenye ufa uliosimama, umekwenda chini mkono mzima. Alipouchomoa, kitu kimefuata. Kimechemka kidogo, kikatulia, kikapanda hadi magotini. Nimepiga yowe. Nimewaambia vijana wote watoke, wasiwashe tumbaku, waniletee chupa safi.

Nimejaza chupa. Nimeinyanyua juani. Nyeupe kabisa.

Makoye alikwisha kuinama na kunywa. Akasema ni maji. Nikamwambia anywe tena kwa makini. Akanywa tena. Akasema ni maji matamu.

Sijui nani aliwaambia wanawake. Walitoka pande zote na vibuyu na mitungi na debe, vigelegele mtindo mmoja. Mama mmoja kizee, aliyenitazama vibaya Jumapili ile ya maji ya kuoga, amenishika kichwa kwa mikono miwili na kunibariki kwa Kisukuma. Scolastika ameoga mwili mzima, jambo ambalo halijatokea tangu Juni. Watu walinibeba juu, wakazunguka kilima. Mimi huko juu nilikuwa na huzuni kubwa. Siku nne, sururu mpya, mbuzi mzima, tumepata maji!

Jioni Generosa ameniletea uji. Amesema Bwana Nyundo hakutudanganya hata neno moja: alisema jiwe hili lina matundu na nyufa za kuhifadhi kitu. Kwingine limehifadhi petroli, kwetu limehifadhi mvua. Amekaa nami mpaka nilipomaliza kikombe. Kidole nilichounguza amekipaka samli. Kwa kweli uji ulikuwa mzuri.

Jumamosi, 14 Agosti

Tanuri limefunguliwa. Mawe yametoka mepesi, meupe pe. Yamemwagiwa maji ya shimo letu, debe kwa debe, yakanguruma, yakatoa mvuke, yakapasuka kuwa unga laini. Hakuna aliyetembea saa nzima kichwani na mtungi. Kijiji kizima kimeshika fagio za miwaa kanisani, na hadi saa kumi kuta zote zimepakwa mara mbili. Athanas alipewa mnara, maana ndiye mrefu. Alipaka bila kuimba.

Kisha baraza, mbele ya mlango wa kanisa. Mwanangwa amesema chokaa imefika kwa siku yake na ni nyeupe kuliko yoyote aliyowahi kuona. Kwa hiyo kilima hakiendi kwa Athanas. Moyo wangu ukatua. Nikasimama kushukuru.

Akaniambia nikae, hajamaliza. Amesema maji ni ya kijiji chote. Na kilima hupewa mtu anayechoma chokaa. Akauliza watu wote waliohudhuria, nani kachoma chokaa hii. Nilifikiri watu watafikiri kidogo kwanza.

Basi kilima ni cha Generosa. Mimi nimetambuliwa rasmi kuwa mume wake. Amri yake ya kwanza kama mwenye kilima, ameitoa hapo hapo: sururu ya Cornel isigonge jiwe lolote la kilima kile kuanzia leo. Makoye alikuwa wa kwanza kuafiki. Wameshatunga na wimbo. Si mbaya, una jina langu mara sita. Nitakaa. Nitatulia. Mtu anayetaka amani anaweza kuishi vizuri kama mume wa mwenye kilima.

Jumapili, 15 Agosti

Sikukuu. Kanisa linang'aa hadi macho yanauma. Padri amewashukuru Generosa, Mbuke, vijana, na kwa ujumla familia. Nimesali kwa dhati. Nimeahidi kuacha tamaa.

Baada ya Misa, karamu uani mwa misheni. Ng'ombe wawili. Nimekaa kivulini na bakuli langu la mchuzi, nimeridhika, sina neno na mtu. Nilikuwa karibu kuchovya ugali.

Nikatazama bakuli.

Chini, supu. Juu, mafuta. Duara za njano, zinaelea, haziguswi na maji. Nimekoroga. Zimepanda tena. Nimemwomba jirani bakuli lake. Vilevile! Nimetazama bakuli saba.

Mafuta hukaa juu ya maji. Kila mwanamke wa kijiji hiki analijua, na mimi nimelisahau nikiwa shimoni. Sisi tulifika kwenye maji. Maana yake petroli ilikuwa juu yake na tumeipita! Si ajabu Bwana Nyundo alitazama gurudumu.

Kwenye kilima sururu imepigwa marufuku, nami ni mtu wa kutii. Lakini jiwe hili haliishii kwa Generosa. Linapanda taratibu upande wa mashariki, na pale linapokuwa juu kabisa, juu zaidi ya maji yetu, pamejengwa kanisa. Nimelipima kwa hatua wakati watu wanacheza ngoma. Mbele ya altare sakafu inalia kama kitu kilicho wazi ndani. Nimeigonga kwa kisigino mara tatu. Athanas aliniona, akaja, akagonga naye. Tumetazamana. Nimempandisha cheo kutoka mlinzi wa usiku hadi mnyapara.

Kesho baada ya Misa ya asubuhi tutakwenda wote wawili kumwona Padri. Petroli hatutaitaja. Tutamwambia tumeona ufa mdogo sakafuni, na kwamba sisi kama waumini tunajitolea kuutengeneza.

Generosa ameuliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nimemwambia ni neema ya sikukuu. Amefurahi, akaniongeza nyama.